Ukodishaji wa trekta: Wingi wa ekari ndio huamua bei

UKODISHAJI wa trekta ni biashara ambayo mwenye mtambo huwalimia wengine mashamba kwa malipo, aghalabu kwa kila ekari. Katika nchi zinazoendelea, ambako mashamba mengi ni ya ekari chache, ndiyo njia ya mkulima mdogo kuifikia mashine asiyoweza kuinunua.

Uriri, katika Kaunti ya Migori, hudhihirisha faida na mashaka ya biashara hiyo. Eneo hilo, lililo kando ya barabara kuu ya Kisii kuelekea Isebania, hukuza miwa, mahindi na tumbaku.

Gharama za trekta ni za aina mbili. Zipo zisizobadilika, yaani uchakavu, riba ya mkopo na bima, ambazo hudaiwa hata trekta likiwa limeegeshwa. Zipo pia zinazoandamana na kazi: dizeli, ujira wa dereva na vipuri.

Chukulia mfano wa trekta lenye gharama zisizobadilika za Sh600,000 kwa mwaka. Likilima ekari 300, kila ekari hubebeshwa Sh2,000 kabla ya dizeli kutiwa. Likilima ekari 600, mzigo huo hushuka hadi Sh1,000.

Kikwazo ni kwamba mvua haimsubiri mtu. Masika yakianza mwezi Machi, kila mkulima hutaka kulimiwa wakati mmoja. Msimu ukipita, trekta hukosa kazi. Mwenye trekta huanza na mashamba makubwa yaliyokaribiana, kwani kuhama kutoka kishamba hadi kishamba hula dizeli na saa zisizolipiwa.

Mwenye nusu ekari huachwa mwisho. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hutoa mavuno haba, na hasara hiyo yaweza kuzidi bei yenyewe ya kulimiwa.

Hapo ndipo miwa huipa Uriri nafuu. Shamba la miwa halilazimiki kulimwa katika juma moja na la mahindi, na trekta lenye trela huweza kubeba miwa hadi kiwandani baada ya msimu wa kulima.

Kiwanda cha SONY kilichoko Awendo, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979, kwa miaka mingi kiliwatayarishia wakulima wa mkataba mashamba kwa mkopo na kukata gharama kwenye malipo ya miwa. Mkulima aliepushwa na taabu ya kutafuta fedha taslimu, lakini alibeba deni kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi miwa ikomae.

Mshindani wa trekta ni plau ya ng'ombe. Palipo na maksai wa kutosha, mwenye trekta hawezi kupandisha bei apendavyo, isipokuwa kwenye ardhi ngumu.

Serikali nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, zilianzisha huduma zao za kukodisha matrekta baada ya uhuru. Nyingi zilidhoofika kwa sababu bei zilikuwa chini ya gharama, vipuri viliadimika na matrekta yalisafiri mbali. Nchini Kenya, huduma za kilimo zilihamishiwa kaunti mwaka 2013.

Bangladesh ilifuata njia nyingine. Baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, watu binafsi walinunua matrekta madogo ya magurudumu mawili kutoka China na kuwalimia majirani zao. Mtambo ulikuwa rahisi, na wateja walikuwa karibu.

Funzo ni kuwa anayeomba peke yake hulipa zaidi au hungoja zaidi. Majirani wanaopanga mashamba yao pamoja kabla ya mvua humpunguzia mwenye trekta safari, nao hupata nguvu ya kujadili bei.

Hata hivyo, mapatano yataje wazi ukubwa wa ekari uliopimwa, kina cha kulima, na iwapo bei inajumuisha kupiga haro. Bila hayo, bei nafuu yaweza kugeuka ghali shambani.