Tindersticks: Sauti Inayotafuta wa Kuijibu

Tindersticks ni bendi iliyozaliwa Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kutokana na masalia ya kundi lililoitwa Asphalt Ribbons. Enzi hizo magitaa ya kelele ndiyo yaliyotamba. Wao walikuja na fidla, ogani na sauti ya Stuart Staples, nzito yenye mtetemo, mithili ya mtu anayejisemea peke yake usiku. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1993, ilikuwa ndefu kiasi cha kujaza santuri mbili, na gazeti la muziki la Melody Maker likaichagua kuwa albamu bora ya mwaka.

Kuchanganya pop na vyombo vya muziki wa kitaaluma wa Ulaya hakukuwa jambo geni. Mwaka 1966 The Beatles walirekodi "Eleanor Rigby" kwa wapiga vyombo vya nyuzi wanane, bila gitaa wala ngoma. Lakini wale walikuwa wa kukodiwa. Tindersticks walikuwa na mpiga fidla wao wenyewe, Dickon Hinchliffe, ambaye ndiye pia aliyepanga sehemu za vyombo vya nyuzi. Staples akimaliza mstari, fidla inadakia. Aliyelelewa na taarab ya Unguja hatauona mtindo huo mgeni, ingawa chimbuko lake ni jingine kabisa.

Mwaka 1995 ulikuwa wa upanuzi. Albamu ya pili ilitoka, nayo ikiitwa kwa jina la bendi tu, na Machi 12 mwaka huo walipiga pamoja na okestra katika ukumbi wa Bloomsbury Theatre, London, onyesho ambalo baadaye lilitolewa kama albamu. Pia walitafuta wanawake wa kujibizana na Staples: Carla Torgerson wa bendi ya The Walkabouts katika "Travelling Light", kisha mwigizaji Isabella Rossellini katika "A Marriage Made in Heaven". Kufikia albamu ya Curtains ya mwaka 1997, nyuzi zilikuwa zimejaa mno. Huzuni ilianza kuvaa mavazi ya sherehe.

Dawa yake ilikuwa imeshaanza kupatikana kwenye sinema. Mwongozaji Mfaransa Claire Denis aliwapa kazi ya muziki wa filamu ya Nénette et Boni, iliyotoka mwaka 1996, na ushirikiano huo ukaendelea kwa miongo. Filamu haitaki muziki uongee muda wote. Katika kazi hizo bendi ilijifunza kuacha nafasi wazi, na ujuzi huo ulikuja kuhitajika zaidi ya walivyotarajia, kwani baada ya albamu ya Waiting for the Moon ya mwaka 2003 nusu ya bendi iliondoka, Hinchliffe akiwemo. Walibaki Staples, David Boulter wa kinanda na Neil Fraser wa gitaa.

Staples alihamia Ufaransa, eneo la Limousin, akawa na studio yake iliyoitwa Le Chien Chanceux. Humo ndimo ilimotengenezwa The Hungry Saw ya mwaka 2008, na kikosi kipya kikaja kukamilika kwa Dan McKinna wa besi na Earl Harvin wa ngoma.

Matunda ya safari hiyo yanasikika vizuri zaidi katika The Waiting Room, iliyotoka Januari 2016. Inafunguliwa bila maneno, kwa muziki uliotoka katika filamu ya Mutiny on the Bounty ya mwaka 1962. Kazi ya kujibu iliyokuwa ya fidla sasa imehamia kwa tarumbeta na saksafoni, kwa mpangilio wa Julian Siegel. Jehnny Beth wa bendi ya Savages anaimba katika "We Are Dreamers!", kwa ukali unaomwamsha Staples. Kila wimbo ulitengenezewa filamu fupi, kwa ushirikiano na tamasha la filamu fupi la Clermont-Ferrand, na Denis alikuwa miongoni mwa waongozaji.

Moyo wa albamu ni "Hey Lucinda". Mwanamume anambembeleza mwanamke watoke pamoja kabla msimu wa joto haujaisha, mwanamke anasitasita. Sauti ya mwanamke huyo ni ya Lhasa de Sela, mwimbaji wa Montreal aliyekwisha kuimba na Staples katika "Sometimes It Hurts" ya mwaka 2003. Lhasa alifariki kwa saratani Januari 1, 2010, akiwa na umri wa miaka 37. Rekodi ya sauti yake ilikaa miaka kadhaa kabla Staples hajairudia na kuimalizia kwa vyombo vichache, bila kuipamba. Kwa hiyo mwanamume anaomba muda kutoka kwa mtu ambaye msikilizaji anajua hana tena muda, na hakuna chombo kinachoingilia kulisema hilo.

Bendi haikuishia hapo: zilifuata No Treasure but Hope mwaka 2019, Distractions mwaka 2021 na Soft Tissue mwaka 2024.