Vitabu vya Mwongozo wa Gemu: Vile Watu Wanalipia Maelfu, na Daftari la Macheat Unalotaka Kutupa

Wewe msee wa gemu, kuna kitu moja tunataka ukumbuke. Ile katoni ya madaftari ya primo na haiskuli iko kejani kwa mathe. Kama ndani kuna daftari ambalo kurasa za nyuma zimeandikwa R1, R2, L1, X, Kushoto, Chini, Kulia, Juu, Kushoto, Chini, Kulia, Juu, usikubali litumike kuwasha jiko.

Kwa mamorio waliozaliwa juzi: hiyo ilikuwa code ya GTA San Andreas kwa PS2. Ukiibonyeza unapata afya, vesti ya risasi na dola 250,000 kwa mpigo. Wa kompyuta aliandika tu HESOYAM.

Huko majuu, karatasi za kukusaidia kupita gemu zinakusanywa kama stempu. Hii hapa ni rada yote: ni vitabu gani, mbona vina bei, venye hutapigwa ukinunua, na mbona vyetu vya kuandikwa na biro viko karibu kupotea.

Ni vitabu gani hivi?

Kabla ya YouTube, ukikwama kwa misheni ulikuwa na njia tatu. Uulize msee ameipita, urudie hadi vidole viume, ama ununue kitabu cha mwongozo. Hicho kilikuwa na ramani ya kila steji, mbinu za kupiga kila bosi, orodha ya silaha, na mahali kila kitu kimefichwa. San Andreas peke yake ina michoro 100 ya ukutani ya kupulizia rangi, picha 50 za kupiga, viatu vya farasi 50 na chaza 50. Kuzipata zote bila ramani ni kazi ya kibarua.

Makampuni makubwa yalikuwa Prima Games na BradyGames za Marekani. Nintendo nao walianzisha jarida lao, Nintendo Power, mwaka 1988, likadumu hadi Desemba 2012. Ulaya kulikuwa na Piggyback ya Uingereza na Future Press ya Ujerumani. Vingine vilikuwa vinene hadi unashangaa: kile cha Skyrim cha Prima, 2011, kina zaidi ya kurasa 600.

Kitu wengi hawajui ni kwamba waandishi walipewa gemu kabla iishe kutengenezwa, ndio kitabu kiingie dukani siku moja na gemu. Kwa hivyo kuna makosa ndani. Bei ya kitu inabadilishwa dakika ya mwisho, mlango unahamishwa, na kitabu kishachapishwa. Wakusanyaji wengine wanapenda hayo makosa, kwa sababu yanaonyesha vile gemu ilikuwa kabla ya sisi kuiona.

Viliisha aje?

Intaneti ndiyo iliviua, lakini pole pole. GameFAQs ilianza 1995, na hapo wachezaji walikuwa wanaandika miongozo ya maandishi tupu na kuiweka bure. Baadaye zikaja video. Mwaka 2015 BradyGames ikaunganishwa na Prima. Novemba 2018 wenye Prima, Penguin Random House, wakatangaza kwamba wanaifunga, na 2019 uchapishaji ukaisha.

Piggyback na Future Press bado wako, lakini walibadilisha mchezo. Sasa wanatoa vitabu vya jalada gumu, vizuri kama albamu ya harusi, kwa gemu kubwa kama Elden Ring na Zelda. Mtu ananunua kukiweka kwa rafu hata kama bosi ashampiga kitambo.

Ni gani vinatafutwa sana?

*EarthBound (1995).* Gemu ya Super Nintendo iliyouzwa Marekani kwa boksi kubwa, kitabu kikiwa ndani, pamoja na kadi za kukwaruza na kunusa. Wakati huo haikuuza vizuri. Leo boksi kamili linaenda zaidi ya dola 1,000, na kitabu kikikosekana bei inaanguka.

*Final Fantasy IX ya BradyGames (2000).* Hiki ni maarufu kwa ubaya. Square walikuza tovuti yao ya PlayOnline kwa kuficha majibu huko. Unasoma ukurasa, ukifika mahali patamu unaambiwa enda kwa intaneti uweke neno fulani. Umelipa kitabu, halafu majibu bado unayafuata kwa intaneti! Halafu hizo kurasa za tovuti zikaondolewa. Nusu ya kitabu imekufa, karatasi ndiyo imebaki. Shika hiyo, tutairudia.

*Zelda, boksi la vitabu sita (2013).* Prima waliweka vitabu sita vya jalada gumu ndani ya boksi moja. Boksi likiwa limepasuka kona, bei inashuka.

*Bloodborne ya Future Press (2015).* Gemu ngumu, kitabu kizuri. Kikiisha dukani, bei inapanda.

Sheria ni rahisi: gemu inapendwa, nakala zilikuwa chache, na kila kitu kilichokuja ndani bado kipo. Ile ramani ya kukunjwa ndiyo hupotea kwanza, kwa sababu kila mtoi aliitoa akaibandika ukutani.

Sisi tulisomea nyuma ya daftari

Hivi vitabu havikufika Kenya kwa wingi. Hata vingefika, ungenunua na nini? PS2 ilikuwa ya mwenye base, imechipiwa, na wewe ulikuwa na mbao ya mechi moja. San Andreas ya ukweli ilitoka Oktoba 2004 ikiwa na ramani kubwa ndani. Yako ilikuwa diski ya kuchomwa ndani ya karatasi ya nailoni.

Kwa hivyo wasee walijiandikia. Mmoja alienda saiba, akalipa kwa dakika, akaprinti ukurasa mmoja wa macheat. Hii ni kabla nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zifike Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, inakokota miguu na inakula pesa. Huo ukurasa mmoja ukanakiliwa na daro nzima. Pembetatu, mraba, duara na X zikachorwa na biro. Msee akiruka herufi moja, wote walionakili kwake wanabonyeza hadi kesho na hakuna kitu kinatokea.

Daftari fiti lilikuwa na zaidi ya macheat. Lilikuwa na maonyo: ile code ya kufanya watu wote mtaani waanze fujo, ukisevu nayo haitoki tena, gemu yako imeisha. Lilikuwa na michoro ya ramani. Na lilikuwa na Winning Eleven, ambayo zile nakala za Kijapani zilikuja na menyu ambazo hakuna mtu alijua kusoma. Watu walihesabu laini: ya ngapi ni kuanza mechi, ya ngapi ni kubadilisha wachezaji. Huo ni mwongozo wa gemu kabisa, tofauti ni kwamba hakuna kampuni iliulipia.

Hata kabla ya hapo, enzi ya TV game za kaseti, kulikuwa na mwongozo wa mdomo. Juu, Juu, Chini, Chini, Kushoto, Kulia, Kushoto, Kulia, B, A. Unapata maisha 30 kwa Contra. Hiyo code iliwekwa na Kazuhisa Hashimoto wa Konami kwa gemu ya Gradius mwaka 1986, kwa sababu yeye mwenyewe aliona Gradius ni ngumu. Ikafika hadi kwa watoi wa huku, ambao hawakuwahi kushika hata ukurasa mmoja wa Nintendo Power.

Chukua Chepilat kama mfano. Ni soko la mpakani kwa barabara ya Sotik kwenda Kisii, upande mmoja Bomet, upande mwingine Nyamira, majani chai kila mahali unaangalia. Bonus ya chai ikiingia, hata mtoi anapata kitu ya kuchezea gemu. Huo mpaka umeona mabaya pia. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilifika hapa. Lakini macheat hayaulizi mtu anatoka ng'ambo gani ya barabara. Ukipata daftari lenye maelezo ya Kipsigis kwa laini moja na ya Ekegusii kwa inayofuata, umeshika kitu ambacho Prima hawangeweza kuchapisha.

Tusidanganyane, saa hii hakuna soko la daftari la macheat. Hutanunua boda nalo. Lakini angalia Shujaaz. Ile komiki ya Sheng ilianza Februari 2010, ikitolewa bure ndani ya Saturday Nation. Kwa sababu ilikuwa bure, nyingi zilienda njia ya magazeti ya jana. Jaribu leo kutafuta toleo la kwanza la karatasi, uone kazi. Na hiyo ilichapishwa kwa wingi. Daftari lako liko moja tu duniani.

Ukitaka kununua vya kuchapishwa

Anza na inama bookshop, wale wasee wa vitabu vya mtumba barabarani Nairobi na miji mingine. Mara nyingi hawajui wanachouza, wanaona ni kitabu cha katuni. Ukiwa na cuzo majuu, mwambie akubebee kwa sanduku. Hivi vitabu ni vizito, na posta inaweza kushinda bei ya kitabu chenyewe, kabla hata hujafika kwa kodi na ada za forodha.

Kabla utoe ganji, kagua haya:

1. Fungua nyuma. Ramani iko? Imekatwa?
2. Hesabu kurasa. Kurasa za bosi wa mwisho ndizo hung'olewa sana.
3. Angalia mgongo. Gundi ikikauka, kurasa zinaanguka zote pamoja.
4. Nusa. Harufu ya ukungu inamaanisha ukungu upo, hata kama huuoni.
5. Guza karatasi. Kama ni nyepesi kama ya photocopy na rangi zimefifia, hiyo ni PDF iliyoprintiwa na kushonwa. Si mbaya kwa kusoma, lakini lipa bei ya saiba.
6. Usitume M-Pesa ya kushikilia kitabu hujaona. Itisha picha ya video, kurasa zikifunguliwa moja moja.

Kutunza karatasi kwenye mvua ya huku

Ukiwa pande za Kericho na Bomet, adui wako ni unyevu. Mvua inayofanya chai iwe tamu ndiyo hiyo hiyo inaoza daftari.

Usiweke chini kwa simiti, na usiegemeze kwa ukuta wa nje. Tafuta kibati cha biskuti ama ndoo yenye kifuniko, weka juu ya kabati, mbali na moshi wa jikoni. Vile vipakiti vidogo huja kwa boksi la viatu vipya, vimeandikwa usile, usivitupe; vinanyonya unyevu. Angalia mara kwa mara kama mchwa na mende wamefika. Usibandike na selotepu, inageuka rangi ya chai na kula wino. Na usilamineti, kwa sababu hiyo haitoki tena.

Kisha piga picha kila ukurasa ukiwa nje mchana, bila flashi. Tuma nakala kwa watu wawili, usiiache kwa simu moja. Nyuma ya daftari andika na penseli: lilikuwa la base gani, mji gani, mwaka gani, gemu gani. Bila hiyo, mtu wa kesho ataona namba tu.

Kwani si kila kitu kiko online?

Rudi kwa Final Fantasy IX. Tovuti ilikufa, karatasi ikabaki. Mwaka 2016, Nintendo waliitisha nakala za Nintendo Power zilizokuwa zimewekwa bure kwa Internet Archive zitolewe, na zikatolewa. Hiyo ni haki yao kisheria, lakini msee mwenye jarida la karatasi kejani hakupoteza hata ukurasa mmoja.

Na hayo ni ya makampuni makubwa, yenye mawakili na bohari. Venye vijana wa Chepilat, Litein na Keroka walijifunza gemu za lugha ambazo hawakujua, bila bundles, bila kitabu, hakuna kampuni imeweka mahali. Iko kwa madaftari. Base nyingi za PS2 zilishafungwa, na wenye madaftari wanaoa, wanahama, wanachoma takataka.

Kwa hivyo pigia mathe leo. Mwambie ile katoni asiiguze hadi ufike.