Msichana wa Macho ya Kijani Alikuwa na Jina

Ndugu zangu, picha ile wengi mmeiona: msichana wa macho ya kijani, mtandio mwekundu umetoboka. Ilipigwa Desemba 1984 kwenye hema la shule, kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistan. Mpiga picha ni Mmarekani, Steve McCurry. Juni 1985 ikatoka kwenye jalada la National Geographic.

Na jina lake? Hakulijua. Kwa miaka 17 akaitwa tu msichana wa Afghanistan. Mwaka 2002 ndo wakarudi kumtafuta, wakampata: Sharbat Gula, mke wa mtu, mama wa watoto. Picha yenyewe alikuwa hajawahi kuiona! Akasema anakumbuka alivyokasirika, maana yule mtu alikuwa mgeni kwake, na hajawahi kupigwa picha kabla. Hebu itazame tena. Watu walisema macho yale ni hofu ya vita. Mimi sasa naona hasira ya mtoto ambaye hakuulizwa.

Umaarufu haukumkinga. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kesi ya kitambulisho (sisi tunaijua hiyo), akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021 Italia ikampokea.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha inayomtambulisha ni taarifa. Kwa hiyo mgeni akielekeza kamera kwa watoto kwenye foleni ya maji, muulize kwa heshima: mama yao amekubali? Na picha inaenda wapi?