Stima ilianzia karibu na nyumbani

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, nami nilikuwa katikati ya kuandika programu. Gizani nikajiuliza: kwa nini taa yangu itegemee mtambo ulio mbali hivyo?

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mnamo Septemba 1882 Thomas Edison aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York. Kilihudumia mitaa ya jirani tu. Alitumia umeme wa DC wa volti 110, na kwa volti chache hivyo nguvu nyingi hupotea njiani kama joto. Nyaya nene za shaba zilikuwa ghali mno. Umeme wa AC ukamshinda, kwa sababu transfoma huupandisha volti kwa ajili ya safari na kuzishusha ukifika. Mwaka 1896 maporomoko ya Niagara yakaanza kuupa umeme mji wa Buffalo, zaidi ya kilomita 30. Dunia ikafuata njia hiyo, na sisi pia: bwawa la Kindaruma, mto Tana, lilianza kazi 1968.

Lakini nyaya hazikufika vijijini. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Harold Burris alifunga sola katika shule ya Karamugi, Meru. Mafundi wa huko wakajifunza kazi, na sola ikaanza kuenea majumbani.

Nilipokuwa mdogo, kwetu kulikuwa na paneli moja na betri ya gari. Betri ilikufa haraka, na baba akamwita fundi mwizi mbele ya watu. Hawakusalimiana tena.

Chuoni ndipo nilipoelewa. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, iwashe injini, kisha ijazwe mara moja. Sisi tuliikamua usiku kucha tukitazama mpira. Kuzalisha tuliweza, kuhifadhi ndiko kulikotushinda. Betri za lithiamu za leo huvumilia kukamuliwa hivyo mara nyingi zaidi, na ndiyo maana stima inaweza kurudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilimweleza baba haya yote. Alinyamaza, kisha akaniomba namba ya yule fundi.

Je, kwenu betri ilidumu muda gani? Niandikieni. Tukutane tena.