Kioo hupimwaje mbele ya mawimbi ya maikrowevu?

BILAURI mbili zinaweza kufanana kabisa, lakini zikitumiwa katika jiko la maikrowevu, moja ikabaki na uvuguvugu tu na nyingine ikaunguza mkono. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Hujulikana kwa vipimo.

Majiko hayo hutumia mawimbi yanayotetema takriban mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Kwa kila aina ya kioo, wataalamu hutafuta namba mbili. Ya kwanza huonyesha uwezo wa kioo kuhifadhi nishati ya umeme, ukilinganishwa na nafasi tupu isiyo na hewa. Ya pili huonyesha sehemu ya nishati inayopotea kwa kugeuka joto.

Njia mojawapo hutumia kopo la metali lililofungwa, ambamo mawimbi huvuma kama sauti ndani ya mtungi. Kopo hupimwa kwanza likiwa tupu, kisha hutiwa kijiti cha kioo kilichochongwa kwa vipimo kamili. Masafa ya mvumo hushuka, na mvumo wenyewe hufifia. Kushuka hutoa namba ya kwanza. Kufifia hutoa ya pili.

Vipimo hivi vilipata umuhimu mkubwa kutokana na rada za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1946 Arthur von Hippel wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na mwenzake Roberts, walieleza mbinu nyingine ya kutumia bomba la metali lililozibwa upande mmoja.

Namba ya kwanza ya kioo safi cha kwatzi ni karibu 3.8, na ya kioo cha kawaida cha chupa na madirisha ni kati ya 6 na 7. Aidha, upotevu wa nishati katika kioo cha kawaida huzidi ule wa kwatzi kwa zaidi ya mara 100, hasa kwa sababu ya chembe za sodiamu zilizomo.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Kioo kikipata joto, chembe hizo hutembea kwa urahisi zaidi. Hunyonya nishati zaidi, nacho huzidi kupata moto. Kioo cha kawaida kilichokwisha kupashwa moto mkali kinaweza hata kuyeyuka ndani ya mawimbi hayo. Ndiyo maana maabara hurudia vipimo katika nyuzi mbalimbali za joto.

Kwa mnunuzi, basi, kung'aa kwa bilauri si ushahidi. Atafute maandishi ya mtengenezaji yanayoruhusu matumizi hayo, na aepuke zenye nakshi za dhahabu au fedha, kwani metali hutoa cheche.