Matangazo Mubashara ya Mechi za Gemu

Matangazo mubashara ya jumuiya ni urushaji wa mechi za gemu za mtandaoni unaoendeshwa na wachezaji na mashabiki wenyewe, aghalabu kupitia YouTube au Twitch. Mwenye chaneli yake binafsi huonyesha skrini yake tu. Jumuiya huonyesha mechi nzima, pande zote mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua watu, vifaa na kanuni zinazohitajika.

Chimbuko

Korea Kusini ilitangulia kuziweka mechi za gemu kwenye televisheni: chaneli ya Ongamenet ilianza mwaka 2000 na kujipatia umaarufu kwa mechi za StarCraft. Upande wa intaneti, tovuti ya Justin.tv ilianza mwaka 2007, na sehemu yake ya gemu ikazaa Twitch mwaka 2011. Amazon iliinunua Twitch mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 970 za Marekani. Kilichowafungulia mlango wasio na mtaji ni OBS, programu ya bure iliyotoka mwaka 2012, inayounganisha picha ya gemu, sauti za watangazaji na ubao wa matokeo kisha kuvirusha kwa pamoja.

Watu

Kazi kuu ni nne. Mwendesha kamera huingia kwenye mechi kama mtazamaji na kuchagua kinachoonyeshwa, mtangazaji husimulia, mchambuzi hueleza kwa nini, msimamizi hulinda gumzo dhidi ya matusi. Kazi ya kamera ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika Counter-Strike wachezaji ni kumi, watano kila upande, na matukio mawili yanaweza kutokea kwa wakati mmoja pembe mbili za ramani. Mwendesha kamera hodari huisoma ramani ndogo na kumfuata anayekaribia kukutana na adui kabla risasi haijalia. Akisubiri kusikia mlio, watazamaji wataona maiti tu.

Intaneti

Kinachohitajika hapa ni kasi ya kupakia, wala si ya kupakua. Picha ya 720p yenye fremu 30 kwa sekunde huhitaji takriban kilobiti 3,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho saa moja hula karibu GB 1.4, hivyo mashindano ya saa tatu humaliza zaidi ya GB 4 za bando. Inafaa kasi halisi ya kupakia iwe walau megabiti 5 kwa sekunde ili ikiyumba picha isigande. Waya wa mtandao ni wa kutegemewa kuliko Wi-Fi.

Kuchelewesha picha

Mwendesha kamera huona wachezaji wote, hata walio nyuma ya kuta. Mchezaji akiyafungulia matangazo hayo kwenye simu, atajua adui yuko wapi. Kwa sababu hiyo picha hucheleweshwa, kwa gemu yenyewe au kwa OBS, mara nyingi kwa dakika moja au zaidi. Sauti icheleweshwe sawa na picha, la sivyo mtangazaji atashangilia bao ambalo mtazamaji hajaliona.

Haki na sheria

Muziki wa kibiashara huleta madai ya hakimiliki, kwani YouTube ina mfumo unaoutambua kiotomatiki. Gemu nayo ni mali ya kampuni iliyoitengeneza. Kampuni nyingi huruhusu mashindano madogo kwa masharti, hasa kuhusu viingilio na wadhamini. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zilizoandikwa upya 2020, zinazowataka baadhi ya watoa maudhui kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kuanza

Chaneli mpya ya YouTube inaweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa kurusha mubashara, kwa hiyo iombewe ruhusa mapema. Ufunguo wa matangazo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobandikwa ndani ya OBS, usionekane kamwe kwenye skrini: anayeupata anaweza kurusha chochote kwa jina la jumuiya. Mechi ya kirafiki irushwe kwanza kwa faragha, na rekodi yake isikilizwe, maana sauti ya gemu inayomeza sauti ya mtangazaji haitambuliki kwa aliye kwenye kipaza sauti.