Wakanda Iliyofika Garsen kwa Flashi

Wacha nikubali makosa kwanza tusipotezeane muda. Ile vita ya mwisho kwenye reli za chini ya ardhi inafanana na gemu ya PlayStation. Jasusi wa CIA, ambaye hana shughuli yoyote pale, anaishia kuwa shujaa. Nchi iliyoendelea kuliko zote duniani bado inapata mfalme kwa watu kupigana kwenye maporomoko ya maji. Na ramani za Marvel zinaiweka Wakanda huku kwetu, karibu na Ziwa Turkana, halafu watu wake wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini.

Yote nakubali. Bado naipenda Black Panther, na sababu yangu haiko Hollywood. Iko Garsen.

Ilipotoka Februari 2018, Kisumu walipata uzinduzi wao kwa sababu ya Lupita Nyong'o. Sisi tulikuwa na kibanda cha mabati, mabenchi, skrini moja na joto la kuivisha mkate. Kiingilio shilingi 20. Muvi ilitufikia miezi baadaye kwenye flashi, imeshatiwa sauti na DJ wa Nairobi, kwa hivyo T'Challa niliyemjua kwanza alikuwa anaongea Sheng. Ukiniuliza mimi, ilimfaa.

Kwenye kile kibanda kulikuwa na upande wa ukutani na upande wa mlangoni. Hakuna aliyepanga. Waorma walijikuta huku, Wapokomo kule, kwa sababu ilikuwa miaka sita tu tangu 2012.

Kwa wasiojua: Agosti ya mwaka huo kijiji cha Riketa kilivamiwa, zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, serikali ikaweka kafyu. Desemba, Kipao. Wafugaji na wakulima, malisho na mashamba, na mto mmoja ambao kila mtu anauhitaji. Uchaguzi wa 2013 ulikuwa unakaribia na wanasiasa hawakusaidia. Kila upande ulizika na kila upande uliua. Mimi nilikuwa darasa la tano. Kama unatoka kwetu, ushasoma jina langu hapo juu na unajua niko upande gani.

Sasa rudi kibandani. Mfalme T'Chaka alimuua ndugu yake mwenyewe kule Oakland, akamwacha mtoto wa marehemu hapo hapo, akarudi nyumbani akanyamaza. Mtoto amekua, anaitwa Killmonger, amekuja kudai kiti na kulipiza. DJ alikuwa anamwita adui kila dakika, lakini kibanda kilikataa. "Huyu ako na haki yake bana," mmoja akasema kutoka mlangoni, na wa ukutani wakaitikia. Ndiyo mara ya kwanza niliwasikia wakikubaliana kwa kitu.

Halafu ikaja ile sehemu. T'Challa amekaribia kufa, yuko kwa mababu zake, na anamwambia baba yake aliyekufa kwamba alikosea. Hamwambii kwa upole, na anawajumlisha wafalme wote waliomtangulia. Nilikuwa na miaka 17 na sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo. Kwetu marehemu hakosei.

Maana sisi tulikuwa na staringi wetu zamani sana kabla ya Marvel. Ukiufuata mto kutoka Garsen kuteremka hadi baharini, unafika Ozi na Kipini, nchi ya Fumo Liyongo. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Wanahistoria bado wanagombana Liyongo aliishi karne gani. Jitu la mtu, silaha haimwingii, mshairi juu yake. Mfalme wa Pate anamfunga. Mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate wa pumba. Liyongo anakata minyororo huku ngoma ya gungu ikilia nje ili asisikike. Niambie Marvel wana nini cha kuizidi hiyo.

Anakufa vipi? Kwa mwanawe. Mfalme anamdanganya kijana kwa ahadi za cheo na binti wa kuoa, naye anamchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni, mahali pekee panapopenyeka. Liyongo anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anauvuta. Anafia hivyo hivyo. Na watu wanakaa siku kadhaa bila kuteka maji, kwa kuogopa maiti iliyoshika upinde.

Shuleni tulifundishwa hii kama hadithi ya ushujaa. Wazee wa Kipokomo niliowasikiliza wana Liongo mwingine kabisa, mtawala mkali aliyewatoza na kuwatumikisha, na huyo hakuwa kwenye kitabu chetu. Baada ya kile kibanda, mimi kila nikifika kwenye kisima nawafikiria wale wenye ndoo.

Chuoni, kabla sijaacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, mhadhiri alituambia Black Panther ni ndoto ya Wamarekani Weusi, si historia ya Afrika. Sawa. Hata ndoto yenyewe ilianzia kwa Stan Lee na Jack Kirby, New York, mwaka 1966. Lakini ukiniuliza ni hadithi gani iliyowahi kuuliza swali la Tana Delta mbele ya Tana Delta, Waorma na Wapokomo kwenye mabenchi mamoja, sina nyingine ya kukupa. Hiyo yenye makosa ndiyo ilifika.

Usiku ule nilimuuliza baba kama sisi tulikosea 2012. Alikuwa anakunywa chai. "Nenda kalale," akasema.

Mwaka jana nilimuuliza tena, tumepakizana kwenye boda, tunavuka daraja la Idsowe, mto umejaa. Alinyamaza mpaka tukamaliza daraja.

"Kulikuwa na watoto mle," alisema. Halafu akaniuliza kama nina chenji ya kumlipa mwenye boda.